Antalya na watoto: maswali mnayouliza kila siku kuhusu hoteli za ufukweni

Maswali ya Antalya yanakuja watsapu kila wiki na mengi yanafanana, basi tumeyaweka yote hapa. Hatuongelei hoteli moja, tunaongelea pwani nzima ya kusini mwa Uturuki kuanzia Kemer mpaka Alanya, maana ndiko familia zetu nyingi za Ulaya na Ghuba zinakokwenda, na siku hizi hata za Dar na Nairobi. Tuseme mapema kabisa: watu wengi wanaanza na picha za hoteli, na hapo ndipo hela inapopotelea. Anza na mwezi, halafu ufukwe, hoteli iwe ya tatu.

Kwa nini Antalya na sio Ugiriki au Hispania?

Huko nako kuzuri tu, bahari ni ileile. Tofauti ni mtindo wa hoteli. Antalya hoteli kubwa zimejengwa zikimlenga mwenye watoto, unalipa mara moja, kula, kunywa, kulala na michezo vyote vimo, mabwawa kadhaa, slaidi, na bahari iko hapo hapo mlangoni. Mkoa huu una fukwe zaidi ya 200 zenye Bendera ya Bluu, ile alama ya maji safi na usalama ufukweni. Halafu kuna chakula halali, ambacho kwa wengi wetu kinamaliza mjadala kabla haujaanza. Na Waturuki na watoto jamani! Mhudumu kabeba sahani sita mkononi atasimama kwanza amshike mtoto shavu, mashallah mashallah, ndio aendelee na safari yake.

Twende mwezi gani?

Hapa tukae kidogo maana ndio penye shida. Pwani hii ina majira, sio kama kwetu ambako bahari ina joto mwaka mzima. Disemba na Januari ndio miezi ya mvua kubwa Antalya, maji ya bahari yanashuka mpaka nyuzi 17 au 18, na hoteli nyingi za ufukweni zinafunga kabisa kuanzia Novemba mpaka Machi hivi. Kwa hiyo mtu wa Dar au Nairobi anayesema "watoto wanafunga shule Disemba, tunaenda bichi Uturuki", hapana. Utakuta hoteli chache zimefungua, bwawa la ndani lenye maji ya moto lipo, spa ipo, bei ya chini sana, lakini baharini hutaingia. Ukitaka hivyo nenda, ila ujue unachokinunua.

Aprili hali ya hewa ni tamu, maua kila mahali, ila maji bado baridi. Watoto wa Kizungu utawaona wanaruka ndani wanacheka, wa kwetu wanatia kidole gumba cha mguu wanarudi. Mei mwishoni inaanza kuwa sawa. Juni ndio mwezi wenyewe, bahari iko kama nyuzi 25, jua kali lakini la kuvumilika, na Watanzania mna bahati maana likizo ya katikati ya mwaka inaangukia hapo hapo. Julai na Agosti joto la mchana linapita 35 na kuna siku linagusa 40, maji yanafika 28, Ulaya nzima iko likizo, na bei ndio zinakuwa juu kuliko wakati wowote. Wakenya wenye likizo ya Agosti hamna jinsi, basi bukuni mapema na mchague hoteli yenye miti. Ambao watoto bado hawajaanza shule, Septemba. Bahari imeshashika joto la kiangazi chote, watu wamepungua, bei inashuka. Hata Oktoba mwanzoni bado mnaogelea vizuri.

Lara, Belek, Side, Kemer, Alanya, yote si Antalya tu?

Ni mkoa mmoja, lakini ufukwe sio mmoja, na kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo tofauti ni kubwa sana.

Side ndiyo tunayowaambia wenye watoto wadogo. Mchanga laini, maji yanakwenda mbali bado yako magotini kwa mtu mzima, hasa fukwe za upande wa magharibi wa mji kama Kumköy. Mtoto anaweza kukaa kwenye maji akachimba mchanga asubuhi nzima na wewe ukakaa pembeni bila roho kuruka ruka. Ni kama kilomita 65 kutoka uwanja wa ndege.

Belek iko karibu zaidi, kilomita 30 na kitu, misonobari mingi, viwanja vya gofu, na hoteli za bei. Mchanga upo ila ni wa chenga, na sehemu nyingine kina kinakuja haraka kuliko Side. Hoteli zenyewe ndio zinaibeba Belek, mabustani makubwa, bwawa la watoto peke yake limekuwa kama kijiji.

Lara iko jirani kabisa na uwanja wa ndege, mchanga, na hoteli za vituko. Kuna iliyojengwa kwa umbo la meli ya Titanic, kuna ya Kremlin ya Moscow na kuba zake za rangi, kuna ya ndege ya Concorde. Watu wazima wanacheka, watoto wanapagawa. Ukifika na ndege ya usiku wa manane na watoto wamelala mabegani, ukaribu wa Lara utaushukuru.

Kemer ni mlima na bahari pamoja, mandhari yake hakuna mfano kwenye pwani yote hii, maji meupe unaona mpaka chini. Lakini ni kokoto! Bila yeboyebo miguuni mtoto atalia na wewe utalia. Kwa watoto wakubwa wanaopenda kupiga mbizi na miwani ndio penyewe.

Alanya ni mbali, zaidi ya kilomita 120, bei nafuu, mji umechangamka. Mambo mawili ya kuuliza kabla hujalipa. Kwanza, hoteli iko upande gani wa barabara kuu ya D400? Nyingi ziko ng'ambo, unapita chini ya barabara kwenye kijia na kigari cha mtoto na ndoo na maboya ndio ufike baharini. Pili, ufukwe wa Kleopatra ni maarufu na mzuri kweli, ila kina kinashuka ghafla na mawimbi yanavuta, sio wa watoto wadogo.

Bahari yenyewe ikoje kwa mtu aliyekulia Tanga au Mombasa?

Cha kwanza kitakachokushangaza, maji hayaendi popote. Kupwa na kujaa kule ni kidogo sana, kwa hiyo hakuna kusubiri maji yajae ndio mkaoge, asubuhi na jioni ni palepale. Ila pia hakuna ile ya maji kutoka watoto wakatembea mpaka mbali wakiokota kome na kaa. Hakuna mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi nje huko, kwa hiyo upepo wa mchana ukivuma unayahisi. Chumvi ni nyingi kidogo kuliko ya kwetu, mnaelea vizuri lakini macho yanawasha, miwani ya kuogelea ya watoto beba kutoka nyumbani maana ya dukani hotelini bei yake ni ya kitalii. Bendera nyekundu ikipandishwa hakuna kuingia, na usibishane na waokoaji eti wewe ni mtoto wa pwani.

Hii ya kulipa kila kitu pamoja, kweli kila kitu?

Karibu kila kitu. Ukifika mapokezi mnafungwa bangili ya plastiki mkononi, kuanzia hapo hamtoi pochi. Kifungua kinywa, chakula cha mchana, cha jioni, katikati kuna gözleme zile chapati nyembamba zilizojazwa jibini au mchicha mama anakukaangia mbele yako, kuna aiskrimu, kuna keki za saa 10 jioni, na hoteli kubwa zina supu mpaka usiku wa manane. Ile inayoitwa "ultra" inaongeza saa za huduma, vinywaji vya chapa za nje, mara nyingi na friji ya chumbani kujazwa kila siku.

Visivyoingia: masaji na spa, jetski na boti za kuvuta, kinyozi, daktari, dobi. Migahawa midogo ya kukaa na kuagiza, ile ya samaki au ya Kiitaliano, unabuku siku moja kabla, hoteli nyingine mara moja bure nyingine wanatoza. Nenda kabuku siku ya kwanza usingoje, zinajaa.

Na mpiga picha. Huyu lazima tumtaje. Siku ya kwanza anamwekea mtoto kasuku begani, tabasamu, klik klik, wewe unadhani ni ukarimu. Jioni picha iko ukutani karibu na mlango wa bafe, kubwa, mtoto kapendeza balaa, na bei yake imeandikwa kwa yuro. Mtoto ameshaiona. Kama huna mpango wa kununua mwambie hapana pale pale kasuku akiwa bado mkononi mwake.

Kodi ya malazi ya asilimia 2 ilianza 2023, kwenye vifurushi vingi imeshaingizwa kwenye bei.

Tuna watoto wanne, chumba kimoja kinatosha?

Chumba cha kawaida hoteli nyingi mwisho ni watu wazima wawili na watoto wawili, hawatakubali "tutabanana tu". Tafuta kinachoitwa chumba cha familia chenye vyumba viwili na mlango katikati, au vyumba viwili vinavyoungana, na uandikiwe hivyo kwenye vocha, sio ahadi ya simu. Bei za watoto zinaenda kwa umri, wa chini ya miaka miwili kwa kawaida bure, wa kwanza mara nyingi bure mpaka miaka kadhaa, wa tatu na wa nne ndio wanapigiwa hesabu. Umri unaangaliwa kwenye paspoti, usimpunguze mtoto miaka. Na soma vizuri jina la hoteli, ziko zinazopokea watu wazima tu kuanzia miaka 16, na picha zao nazo zina mabwawa mazuri.

Chakula ni halali? Na pombe je?

Nyama ya Uturuki kwa kawaida ni halali, ng'ombe, kondoo, kuku. Hoteli chache sana zenye wageni wengi wa Ulaya huweka kitimoto, na huwa wanaandika kibao. Uliza kwa barua pepe kabla kama una wasiwasi. Pombe ipo hoteli nyingi na imo kwenye bei, jioni utaiona. Kama hutaki kabisa watoto waione, ziko hoteli za halali, Alanya hasa na sehemu nyingine za mkoa, hazina pombe na zina mabwawa ya wanawake peke yao, nyingine mpaka ufukwe wa wanawake uliozungushiwa. Familia nyingi za Oman na Ghuba zinakwenda huko. Chumba cha kusalia hoteli nyingi kipo, tafuta kibao cha "mescit" au uliza mapokezi.

Burkini inaruhusiwa kwenye hoteli za kawaida?

Nyingi ndio, mradi iwe kitambaa cha kuogelea. Watakachokukatalia ni kuingia bwawani na fulana ya pamba au dera.

Mtoto wangu wa miezi kumi atakula nini?

Bafe ina mtindi, ndizi, viazi vya kuponda, supu ya dengu ambayo haina pilipili na watoto wetu wanaipenda sana, wali pia. Hoteli za familia zina kona ya watoto yenye blenda na maikrowevu. Uji wa lishe hautaupata, beba wa kwako kwenye begi la kupakia. Pampasi na maziwa ya kopo yanauzwa kwenye supamaketi za mjini kwa bei ya kawaida, duka la hotelini ni karibu mara mbili. Maji ya kunywa yawe ya chupa.

Klabu ya watoto inawapokea kuanzia umri gani, na mtoto haongei Kiingereza?

Kwa kawaida miaka 4 mpaka 12, chini ya hapo mzazi akae naye. Lugha zinazosikika zaidi ni Kijerumani, Kirusi, Kituruki na Kiingereza kidogo. Lugha sio shida kwao, shida ni kwako. Watoto wanapakwa rangi usoni, wanatengeneza pizza, jioni kama saa 2 na nusu kuna disko la watoto jukwaani, siku ya kwanza wako wamejificha nyuma ya kanga ya mama, siku ya tatu wanazijua nyimbo zote na wanakuimbia Kijerumani usichokielewa. Slaidi kubwa zina kipimo cha urefu, nyingi sentimita 120, na yule kijana anayepima pale juu hana huruma, mwandae mtoto kisaikolojia.

Nywele zilizosukwa na bwawa la klorini inakuwaje?

Suka rasta ndogo ndogo bila shanga, paka mafuta kabla, lowesha na maji ya bomba kabla hajaingia ili zisinywe klorini nyingi, akitoka suuza hapo hapo kwenye bafu la pembeni. Saluni ya hotelini kuna wanaosuka mistari miwili mitatu kwa yuro nyingi, msijaribu.

Viza?

Wenye paspoti za Oman, Marekani na Kanada hawahitaji viza kwa safari fupi ya kitalii tangu mwisho wa 2023, Waingereza na Wajerumani pia wanaingia bila viza. Paspoti zetu za Afrika Mashariki zinahitaji, na e-viza mara nyingi inadai uwe na viza au kibali cha kuishi kilicho hai cha Schengen (zile nchi nyingi za Ulaya zenye viza moja), Uingereza, Marekani au Ireland. Huna hivyo, unaenda ubalozini. Ingia evisa.gov.tr tu, weka nchi yako, usome masharti ya siku hiyo. Zipo tovuti nyingi za mawakala zinazofanana nayo zinazotoza mara tatu. Kama unasafiri na watoto bila mzazi mwenzio beba barua ya ridhaa yake na vyeti vya kuzaliwa.

Safari ni ndefu kiasi gani?

Kutoka Dar au Nairobi mpaka Istanbul ni kama saa 7, mara nyingi usiku, kisha ndege ya ndani mpaka Antalya saa moja na kitu. Zuri ni hili, Uturuki haibadilishi saa tangu 2016, saa yao ni ileile ya Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa hiyo watoto wanalala na kuamka kama kawaida. Kitakachowachanganya ni jua, Julai linazama saa 2 na robo usiku na hakuna mtoto utakayemwambia akalale kungali kweupe.

Kutoka uwanjani, gari ya hoteli au ya wakala uliyolipia kabla ndio rahisi, omba kiti cha mtoto kwa maandishi. Teksi za njano zina mita. Tramu inakwenda mjini, ila haikufikishi Belek wala Side.

Bibi haogelei na jua hataki, atafanya nini wiki nzima?

Atakunywa chai. Bila utani, bustani za hoteli zina vivuli, chai ya vigilasi haikatiki, na hamamu, lile bafu la mvuke la Kituruki ambalo wanakusugua mpaka unajiuliza uchafu wote huu ulikuwa wapi, wengi wa bibi zetu wakienda mara moja hawatoki. Chagua tu hoteli isiyo na ngazi nyingi na chumba kilicho karibu na bafe, maana hizi hoteli ni kubwa, kutembea kwenda kula ni safari.

Tutoke hotelini au tukae tu?

Tokeni. Angalau mara mbili, la sivyo mmekwenda bwawani sio Uturuki. Mji wa kale wa Side uko ufukweni kabisa, nguzo za hekalu la Apollo zinasimama pembeni ya maji, nendeni jioni jua likipungua. Aspendos kuna ukumbi wa Kirumi wa karne ya 2 uliosimama karibu mzima, kama umbali wa nusu saa hivi kutoka Belek au Side, mtoto mmoja apande safu ya juu kabisa mwingine aongee pale jukwaani, anasikika vizuri na hilo peke yake linawaweka saa nzima. Antalya mjini kuna Kaleiçi, vichochoro vya zamani na lango la mfalme Hadrian, na maporomoko ya Düden yanayomwagika kutoka juu ya jabali mpaka baharini.

Upande wa Kemer kuna gari la kebo la mlima Tahtalı linalowapeleka mpaka mita 2,365, chini mmeacha joto la 35 juu mnatafuta sweta. Na Çıralı kuna Yanartaş, moto unaotoka kwenye mwamba wenyewe kwa gesi ya ardhini, unawaka tangu enzi za kale. Mnapanda kilima kama kilomita moja, nendeni giza likiingia na tochi na viatu vya kufunga. Watoto wa miaka saba kwenda juu hawatausahau. Mbali zaidi ni Demre, zamani Myra, mji ambako Mtakatifu Nikolasi alikuwa askofu, yule ambaye baadaye ndiye akawa Baba Krismasi, na kanisa lake lipo. Kwa watoto wadogo safari hiyo ni ndefu mno, gari lote litatapika kwenye kona.

Land of Legends pale Belek ni bustani ya michezo na maji, ghali, siku nzima, na kama hoteli yenu ina slaidi za kutosha mnaweza kuiruka bila majuto.

Ni kweli kuna kasa wanataga ufukweni?

Kweli, Belek, Side, Çıralı, kuanzia Mei mpaka kiangazi kinaisha. Viota vinawekewa vizimba vya waya. Msivisogeze, msichimbe karibu, na usiku msiwashe tochi za simu ufukweni maana vitoto vikitoka vinafuata mwanga badala ya bahari.

Tubebe hela gani?

Yuro kwa noti ndogo ndogo na kadi. Lira imekuwa ikishuka thamani miaka yote hii, badilisha kidogo kidogo mjini, sio uwanja wa ndege. Bahshishi inatolewa, yuro chache kwa anayesafisha chumba siku ya kwanza, sio ya mwisho, utaona tofauti ya mataulo.

Mtoto akiugua?

Hoteli kubwa zina daktari au nesi, ila analipiwa, kwa hiyo bima ya safari ni lazima. Duka la dawa linaitwa "eczane", na kila usiku kuna la zamu linalobaki wazi. Dharura namba ni 112. Linalowapata watoto wengi ni tumbo la aiskrimu na jua la siku ya kwanza, ndio, na sisi tunaungua, paka losheni.

Soketi za umeme?

Za matundu mawili ya duara kama Ujerumani. Plagi ya pini tatu ya Dar, Nairobi, Muscat au London haiingii, beba adapta mbili, moja ya simu na moja ya kugombaniwa.